Mwenye Fikra na Masikio ya Watu

Msomaji, ukisoma vitabu vya wageni juu ya kaskazini ya Kenya, huenda ukakuta habari ya ajabu. Waandishi kadhaa wa ng'ambo wamesema kwamba jina la Kakuma ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni "pasipo mahali". Wewe usomaye Kiswahili wajua kwamba lugha hii haina neno la namna hiyo. Kakuma ni mahali hasa, katika nchi ya Waturkana, kando ya mto Tarach, na watu waliishi hapo na mifugo yao kabla ya mwandishi yeyote kufika. Hata hivyo kosa hilo limenakiliwa na mmoja kutoka kwa mwingine kana kwamba ni kweli. Sababu yake ni nyepesi: walioandika walikuwa na kalamu, wachapaji na wasomaji, waliolijua jina hawakuulizwa.

Jambo hilo dogo latuingiza katika swali kubwa. Ni nani hupata kusema mbele ya umma, naye husikilizwa kwa sababu gani? Je, ni kwa sababu ya akili yake peke yake? Au kuna mambo mengine, nje ya kichwa chake, yanayompa sauti au kumnyima?

Swali hili huchunguzwa na wataalamu wa elimu ya jamii, iitwayo sosholojia. Wao huwatazama watu tunaoweza kuwaita wenye fikra wa umma. Mtu huyo si kila aliyesoma sana. Mganga ajuaye dawa na mhandisi ajuaye kujenga daraja ni watu wenye maarifa, lakini maarifa yao yana mipaka ya kazi yao. Mtu huwa mwenye fikra wa umma pale anapotoka katika mipaka hiyo, akasema juu ya mambo yanayowahusu wote: haki, ardhi, maji, serikali, na namna watu wanavyopaswa kuishi pamoja.

Mtaalamu mmoja aliyeandika sana juu ya watu hao ni Lewis Coser. Alizaliwa Berlin mwaka 1913, akaikimbia Ujerumani ya Hitler, akakaa Ufaransa, kisha akafika Marekani mwaka 1941. Yeye mwenyewe, basi, alikuwa mkimbizi. Katika kitabu chake cha mwaka 1965 alionyesha kwamba mwenye fikra ahitaji mambo mawili: kundi la watu watakaomsikiliza na kumtambua, na wenzake wa kukutana nao mara kwa mara ili wapime mawazo pamoja. Wahenga wetu wangemwelewa upesi, maana walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Juu ya mambo hayo mawili mimi naongeza mengine mawili. La kwanza, ni nani anayemlisha mwenye fikra? Mtu hasemi vizuri tumbo likiwa tupu, na tena humwogopa yule aliyeshika chakula chake. La pili, ni nani anayelichukua neno lake na kulipeleka mbali? Basi tuna maswali manne: wasikilizaji, wenzake, riziki, na njia ya neno. Twende nayo Turkana, tuyajaribu huko. Nimeichagua nchi hiyo kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi imehesabiwa kuwa jangwa tupu lisilo na la kusema.

Tuanze zamani, kabla ya kalamu. Waturkana walikuwa na watu waitwao ngimurok; mmoja wao huitwa emuron. Emuron ni mwaguzi, mtu wa ndoto na ishara, ambaye watu humwuliza juu ya mvua, maradhi na vita. Katika karne ya 19 aliishi emuron mkuu aitwaye Lokerio. Mapokeo yasema kwamba aliyapiga maji ya ziwa kwa fimbo yake, yakagawanyika, na vijana wa Turkana wakapita katikati kwenda kuteka ngamia upande wa mashariki. Mwanahistoria hana haja ya kubishana na mapokeo hayo. Yeye atauliza: kwa nini watu waliokaa mbali mbali, kila jamaa na mifugo yake, walikubali kulisikiliza neno la mtu mmoja?

Jibu laonekana tukitumia maswali yetu. Wasikilizaji wa emuron walikuwa wafugaji ambao maisha yao yalitegemea mvua isiyotabirika. Walikuwa na haja kubwa ya mtu wa kuwaambia la kufanya. Riziki yake ilitoka kwao, kwa zawadi za mifugo. Neno lake lilichukuliwa na vijana wa vita. Na kabla ya neno kuwa shauri la watu, wazee walilipima chini ya mti wa wanaume, mahali pa baraza ambapo mambo ya jamii husemwa na kukatwa. Emuron ambaye ndoto zake zilishindwa mara kwa mara hakuwa na askari wa kuwalazimisha watu. Walimwacha tu, wakamtafuta mwingine. Ukuu wa Lokerio, basi, haukuwa wake peke yake. Ulikuwa mkononi mwa waliomwamini.

Lakini zingatia jambo moja, msomaji, maana tutalirudia. Mti ule uliitwa mti wa wanaume. Wanawake walijua maji yako wapi, mtoto yupi ana homa, na maziwa yamepungua kwa kiasi gani. Hata hivyo maarifa yao hayakuwa na nafasi kama ile chini ya mti. Kila baraza huwa na watu walioketi na watu waliosimama mbali.

Sasa tuingie katika karne ya 20. Waingereza waliishika nchi ya Turkana kwa nguvu za silaha, na msafara mkubwa wa kijeshi wa mwaka 1918 uliwapokonya watu mifugo mingi. Baadaye nchi hiyo ikawa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Kwa macho ya watawala mahali pa namna hiyo palifaa kwa kazi moja: kuficha watu wasiotakiwa kusikika.

Tarehe 20 Oktoba, 1952, hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya, na Jomo Kenyatta akakamatwa pamoja na wenzake. Wakashtakiwa Kapenguria, na mwezi wa Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, kituo kidogo kaskazini ya Lodwar, karibu na mpaka wa Ethiopia. Humo walifungwa Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Mwenzao Achieng' Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachwa huru, akawekwa kizuizini mahali pengine.

Fikiri Kenyatta alikuwa mtu wa namna gani kabla ya hapo. Mwaka 1928 alikuwa mhariri wa gazeti la Kikikuyu, Muigwithania. Mwaka 1929 chama cha watu wake, Kikuyu Central Association, kilimtuma London kupeleka malalamiko juu ya ardhi. Huko alisoma elimu ya jamii za watu kwa profesa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake Facing Mount Kenya. Ukipima kwa maswali yetu, utaona kwamba alikuwa na yote manne: wasikilizaji nyumbani, wenzake London, chama kilichomtuma, na gazeti na kitabu vya kubeba neno lake. Serikali ilipompeleka Lokitaung ilikusudia kuyakata yote kwa pigo moja. Mtu aliyehutubia maelfu akapewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake, kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa.

Je, pigo hilo lilifaulu? Nusu tu. Ndani ya gereza lenyewe palizuka shule ndogo. Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kwa jina la Jenerali China, aliletwa Lokitaung baada ya kukamatwa mwaka 1954, na humo Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Mwaka 1967 Itote alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya vita vya msituni. Mwanafunzi wa jikoni la gereza akawa mwandishi.

Jambo kama hili limetokea kwingine duniani. Huko Italia, Antonio Gramsci alikamatwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926, na gerezani akajaza madaftari zaidi ya 30. Humo alieleza kwamba kila mtu hufikiri, ila si kila mtu hupewa na jamii yake kazi ya kufikiri kwa ajili ya wengine. Alifariki mwaka 1937, na madaftari yake yakasomwa na dunia baada ya kifo chake. Njia ya neno lake ilichelewa, lakini haikuziba.

Njia ya wafungwa wa Lokitaung nayo haikuziba. Katika mwaka 1958 barua yao ilitolewa kwa siri, ikasafiri mpaka London, ikachapishwa katika gazeti la The Observer. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi, akasema kwamba watu wale waliofungwa wangali viongozi mioyoni mwa Waafrika. Zikapigwa kelele, na hata baadhi ya wajumbe Waafrika wakajitenga naye. Lakini neno lilikwisha kutoka. Baada ya muda si mrefu kilio cha "Uhuru na Kenyatta" kikasikika katika mikutano ya hadhara.

Mwezi wa Aprili 1959 Kenyatta alimaliza kifungo chake, akahamishiwa Lodwar, akakaa huko chini ya amri ya kutotoka. Mwaka 1960 Gavana Sir Patrick Renison alimwita kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Hata hivyo Gavana hakuweza kuwaamuru watu wasimsubiri. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 chama cha KANU kilipata viti vingi zaidi, kikakataa kuunda serikali maadam Kenyatta hajafunguliwa. Mwezi wa Machi mwaka huo viongozi wa KANU na wa KADU walisafiri mpaka Lodwar kumwona. Basi mji uliochaguliwa ili mtu asisikike ukawa mahali ambapo wakubwa wa nchi walikwenda kusikiliza. Mwezi wa Aprili akapelekwa Maralal, na mwezi wa Agosti 1961 akarudi nyumbani kwake Gatundu.

Tungeweza kukoma hapo, na habari ingekuwa tamu. Lakini historia si ngano ya jioni, na mwanafunzi wa elimu ya jamii hana budi kuendelea. Kenyatta alipokuwa Rais, mahali pake palibadilika. Hakuhitaji tena barua ya siri. Redio na magazeti yalimfuata kila aendako. Mwaka 1969 Odinga, yule yule aliyemtetea barazani, aliwekwa kizuizini, na chama chake kikapigwa marufuku. Oneko, mwenzake wa Kapenguria, akazuiliwa mwaka huo mpaka 1975. Mwishoni mwa mwaka 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye akazuiliwa, na katika gereza la Kamiti akaandika riwaya ya Kikikuyu juu ya karatasi za chooni. Je, Kenyatta alikuwa amepoteza akili aliyokuwa nayo Lokitaung? La. Akili ni ile ile. Kiti ndicho kilichobadilika. Mtu aliye gerezani huhitaji masikio ya wengine. Mtu aliye Ikulu hushawishika kuamini kwamba wengine ndio wanaohitaji maneno yake.

Tena kuna swali la Waturkana wenyewe. Kwa miaka minane macho ya Kenya yaligeukia nchi yao, lakini yaliwatazama wageni waliofungwa humo. Wageni wale waliondoka, na macho yakaondoka nao. Ilipita miaka mingi kabla ya sauti ya Turkana kusikika mbali kwa jambo la Turkana.

Sauti moja ya namna hiyo ni ya mwanamke, Ikal Angelei. Alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Turkana Basin Institute alipojifunza habari za bwawa kubwa la umeme, Gibe III, lililokuwa likijengwa juu ya mto Omo huko Ethiopia. Mto huo ndio uletao sehemu kubwa sana ya maji ya Ziwa Turkana. Akaunda shirika la Friends of Lake Turkana, akaenda vijijini kuwaeleza wavuvi na wafugaji, kisha akayapeleka maneno yao bungeni na kwa mabenki ya dunia. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilipitisha azimio la kutaka bwawa lichunguzwe upya, na mwaka 2012 yeye alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Mpime huyu kama tulivyompima Lokerio. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa watu wa ufukweni. Wenzake ni watafiti na wanaharakati. Riziki ya kazi yake yatoka kwa wafadhili. Njia ya neno lake ni ripoti, mikutano na redio. Hakuhitaji kungoja kuitwa chini ya mti wa wanaume, kwa kuwa shule na shirika vilimpa baraza jingine. Lakini kusikilizwa si sawa na kushinda. Bwawa lilizinduliwa mwezi wa Desemba 2016, na mwaka 2018 mbuga za Ziwa Turkana ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Neno lilifika; nguvu ya kulitekeleza ilikuwa mikononi mwa wengine.

Tuondoke Lodwar sasa, tufuate barabara ya kaskazini magharibi kiasi cha kilomita 120 mpaka Kakuma. Katika mwaka 1992 walifika hapo maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka kwao mpaka Ethiopia, kisha wakafukuzwa na vita huko pia. Kambi ikafunguliwa. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine wengi, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa karibu yake. Leo watu wanaoishi humo ni zaidi ya 200,000.

Miongoni mwao wamekuwamo walimu, waandishi wa magazeti na wanasheria. Mwezi wa Desemba 2008 baadhi yao walianzisha gazeti huru la wakimbizi, Kakuma News Reflector, kwa kifupi KANERE. Walioliandika walitoka katika mataifa mbalimbali, nao walifanya kazi kwa kujitolea. Hapa swali la riziki ni kali kuliko mahali pengine pote tulipopita. Mhariri wa mjini akimkosoa mkubwa, aweza kurudi nyumbani kwake akala chakula chake. Mkimbizi hula mgawo, hulala katika kibanda cha msaada, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa kutoka kambini bila hati. Akitaka kuandika kwamba mgawo umepungua au maji hayatoki, aandika juu ya wale wale wanaomgawia. Wenzake anao, na wasikilizaji anao. Riziki yake ndiyo isiyo huru. Akiandika hata hivyo, ujue kwamba ameweka kitu kikubwa katika mizani.

Habari ya Valentino Achak Deng yaonyesha upande wa nne, yaani njia ya neno. Alikuwa mmoja wa vijana wale wa Sudan, akakulia Kakuma, akapelekwa Marekani mwaka 2001. Huko alimsimulia mwandishi Dave Eggers maisha yake, na mwaka 2006 kikatoka kitabu What Is the What. Kitabu chasema "mimi" kwa sauti ya Achak Deng, lakini jina la mwandishi lililo juu ya jalada ni la Eggers. Je, mwenye fikra hapo ni nani: aliyeishi na kusimulia, au aliyepanga maneno na kuwa na mchapaji? Wawili hao walikubaliana, na mapato yakatumiwa kwa kazi ya elimu. Mwaka 2009 shule ya sekondari ikafunguliwa Marial Bai, kijijini kwa Achak Deng, katika Sudan Kusini ya leo. Sisi hatuna la kuwalaumu. Ila twajifunza kwamba hadithi ya Kakuma ilipita katika mikono ya mtu wa mbali kabla ya kuwafikia wasomaji wa mbali. Linganisha na lile kosa la jina tulilolianza nalo. Mara hii aliyejua aliulizwa, na kitu bora kilipatikana. Lakini bado ilihitajika aulizwe na mtu mwenye kalamu.

Basi, msomaji, tumewaona wengi katika nchi moja iliyoitwa tupu: emuron chini ya mti, mfungwa jikoni, mwanamke wa ziwani, mhariri wa kambini na msimulizi. Hakuna hata mmoja wao aliyesikika kwa akili yake peke yake. Kila mmoja aliinuliwa au kubanwa na watu waliomzunguka. Kusema hivyo si kuidharau akili wala ushujaa. Ni kusema kwamba akili nyingi nzuri zimepotea kwa kukosa masikio, na kwamba masikio hayo ni yetu.

Usikiache kitabu hiki bila kufanya jambo moja. Siku baraza litakapokutana kwenu, au mkutano wa wazazi shuleni, keti nyuma na karatasi yako. Andika ni nani aliyesema, ni nani aliyemjibu, ni nani aliyelipia viti na maji ya kunywa, na habari za mkutano zilipelekwa na nani mpaka wapi. Kisha, kwenye upande wa pili wa karatasi, andika ni nani aliyekuwa na la kusema juu ya shauri lile, asiulizwe. Nenda kamwulize.